Mwaka Mkwe Alipomwandikia Mama Mkwe

Wawira alinipigia simu nikiwa napepeta maharagwe, akaniambia mama yake, Mwalimu Marigu, ametuacha. Hakulia. Alisema mazishi ni Alhamisi, nyumbani, na kwamba marehemu alikuwa ameacha neno kuwa chakula cha siku hiyo kisipikwe na watu wa kukodisha, nipike mimi. Nilimwambia nitakuja. Halafu nikabaki na ungo mapajani, sipepeti chochote, akili yangu imerudi kwenye jiko la kituo cha walimu pale Embu, mwaka wa tisini na nane. Nimeishi miaka mingi, na mingine hata siwezi kueleza ilipita vipi, lakini huo mmoja naukumbuka kama mtu anavyokumbuka nyumba, mlango ulikuwa wapi na moto ulikuwa wapi. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona naacha njia na kukata shamba la watu, ngojeni tu, nitarudi.

Sikuwa mtoto mwaka huo. Nilikuwa nimepita thelathini, lakini nauhesabu kuwa ujana wangu kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa tu mke wa mtu huko chini Mbeere, kwenye jua, na mke wa mtu hana muda wa kuwa kijana. Nilikuwa nimetoka kwa mume wangu mwaka uliotangulia. Sababu haina kazi hapa. Nilipanga chumba mtaa wa Majimbo, Embu, na watoto wangu, na kila Jumapili asubuhi nilifagia mbele ya mlango vizuri, nikanyunyizia maji vumbi lisiruke, maana nilikuwa nangoja wageni. Kwetu mke akitoka, upande wa mume hutuma watu. Wazee huja, hukaa, hupewa uji, huuliza kuna nini. Hata kama mambo hayatatengenezeka, huja tu kuuliza, ili mtu ajue alikuwa na thamani ya kuulizwa. Basi nilifagia.

Kazi nilipata pale kituoni, kuwapikia walimu wakija semina. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati, ukumbi wa kulia katikati, jiko nyuma, na kati ya jiko na ukumbi kidirisha cha kupitishia sahani, kwa hivyo kila kilichosemwa mezani nilikisikia, nitake nisitake. Githeri, kamande na wali, mukimo siku za wageni, chai wakati wote. Baada ya zile mvua za El Niño kwisha, wakati barabara zilikuwa bado na mashimo ya kumeza ndama, lori likaleta kompyuta sita zimefungwa kama mayai. Zikawekwa chumba cha mwisho, chumba kikawekewa mapazia mazito na vyuma dirishani, na mlangoni ikabandikwa karatasi: vua viatu. Hiyo sheria ya viatu wengine wenu hamwezi kuiamini, lakini ilikuwepo, eti vumbi linaua mashine. Basi ukapata walimu wazima, watu na tai zao, wamepanga viatu mlangoni kama msikitini, wanaingia kwa soksi. Mwalimu Nyaga, mtu wa masihara aliyetafuna majani ya muguka tangu asubuhi mpaka jioni, alikuwa na soksi ambayo kidole kikubwa kilitoka nje kabisa, na alisema hicho ndicho kitasoma kompyuta, yeye mwenyewe atakaa nyuma.

Wa kuwafundisha alikuwa Bwana Mwiti, kijana wa wazazi wa Meru aliyezaliwa Nairobi, Kimeru chenyewe hakijui, mpole, mwembamba, anakula kidogo mpaka nikawa nakasirika. Alieleza ile kozi mara nyingi hata mimi jikoni nikaishika. Masomo yako ndani ya mashine kubwa Nairobi. Mashine ya hapa hupiga simu kwa waya, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ya Nairobi inaitikia, masomo yanakuja. Mwalimu anafungua kwa jina lake na neno lake la siri, anasoma, anajibu maswali, anapewa alama na mtu asiyemwona. Halafu kila mwalimu amepewa mwenzake, na hao wawili wana chumba chao humo humo ndani, pa kuandikiana, mmoja anaandika Jumamosi hii na mwingine anajibu akija. Meru mjini kulikuwa na kituo kama hiki chetu na walimu wao walikuwa kwenye kozi hiyo hiyo. Na asiyemaliza kazi na mwenzake, hata akipata alama zote, hapati cheti.

Sasa aliyewapanga wawili wawili alikuwa mtu wa Nairobi, au mashine yenyewe, kwa kufuata majina. Kwenye orodha ya Embu, baada ya Marigu likaja jina la Njue. Mtu wa Nairobi angejuaje. Mwalimu Marigu alikuwa mama wa makamo, mkavu, mnyoofu, anatembea na kikombe chake mwenyewe na leso nyeupe, na ukimsikia akikohoa unaketi wima. Njue alikuwa mwalimu kijana wa Kianjokoma, mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa ya kupalilia kahawa. Na Njue alikuwa amemwoa Wawira, binti wa Marigu. Kwetu hiyo ni thoni. Mkwe na mama mkwe hawakai benchi moja, hawali chumba kimoja, hawatazamani usoni, jina halitajwi. Si chuki, ni heshima, na kama hukulelewa nayo utaona ni kama mchezo. Thoni yenyewe hata kuieleza ni thoni, kwa hivyo siku ya kwanza, majina yaliposomwa, hao wawili walikaa kimya tu, mmoja akaangalia pazia na mwingine akaangalia soksi zake.

Marigu akaja jikoni, akasimama karibu na gunia la maharagwe.

"Mama Ndwiga," akasema, "nenda umwambie huyo kijana wa mashine kwamba yule mwalimu wa Kianjokoma ameoa kwangu."

Nikaenda nikasema. Bwana Mwiti akafurahi. "Si basi ni vizuri," akasema, "ni familia."

Ilibidi nimtoe nje nimweleze polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda mtoni. Akaniuliza kama akiwatenganisha kwenye mashine mbali mbali itakuwa sawa, maana majina hayawezi kubadilishwa, yameshafungwa Nairobi. Nikamwambia ajaribu. Basi Marigu akapewa mashine ya dirishani, Njue ya mlangoni, migongo imetazamana. Chakula cha mchana, Njue alikula ukumbini na wenzake, Marigu akaja kukaa jikoni kwangu, juu ya kigoda, sahani magotini, na hakuondoka hapo mwaka mzima. Na asubuhi ilikuwa hivi: Njue akifika anaangalia viatu mlangoni. Akiona vile vya kahawia vya kamba, anajua mama yumo. Hawezi kuingia tu. Anakuja mpaka mlango wa jiko, anageuza uso upande wa kuni, ananiambia, "Mama Ndwiga, mwambie nimefika." Mimi navua viatu, naingia, namwambia mama, mama anageuka dirishani, na ndipo kijana anaingia. Kila Jumamosi, na likizo kila siku. Nilikuwa mdomo wa watu wawili waliosoma, na sikuona vibaya. Watu wengi walinipa sahani wakinitazama kama ukuta. Hao wawili walinihitaji.

Marigu akiwa kwenye kigoda ndipo nikajua kilichokuwa kinawasumbua kweli, na haikuwa kozi. Wawira hakuwa Kianjokoma. Alikuwa amerudi kwa mama yake na mtoto mgongoni. Alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu huko Meru, Njue akasema ngoja kwanza mtoto akue, yeye akasema nafasi haingoji meno ya mtoto, ikawa maneno, akatoka. Chuo kingefunguliwa baada ya likizo ya Agosti. Akienda bila neno la mumewe, hiyo ilikuwa kuachika, kila mtu angeisoma hivyo. Asipoenda, nafasi angepewa mtu mwingine. Baba ya Njue alikuwa amekufa, na mjomba aliyetakiwa kuwaleta wazee alikuwa akiahidi na kuahirisha: mara kahawa imeiva, mara kuna mazishi, mara goti. Marigu alisema anangoja hilo goti lipone. Mimi nikikoroga sufuria nilifikiri, wazee wako angalau wameahidi.

Kazi ya kwanza ya wale wawili ilikuwa kujadiliana jinsi ya kufundisha sehemu, ile hesabu ya nusu na robo. Marigu alinieleza jikoni, kwa sababu alipenda kueleza, alikuwa mwalimu mpaka kwenye vidole. Yeye aliandika kwanza: Mwalimu, wewe unafundishaje sehemu darasa la nne? Jibu likaja kwamba anatumia chapati, anaikata mbele ya watoto. Mama akaandika kwamba watoto wa shule yake ya huku chini chapati wanaiona Krismasi, yeye anatumia ndizi. Basi wakaendelea hivyo, chapati na ndizi, migongo imetazamana, wanagonga kwa kidole kimoja kimoja, unasikia to, to, mlangoni, halafu ta, ta, dirishani. Jumamosi moja kijana akaandika: Siku hizi kwangu chapati haigawanywi.

Mama alikuja jikoni siku hiyo akakaa na chakula bila kukigusa. Aliniambia maneno hayo, akasema, "Unaona. Huyu hajawahi kuniambia hata habari ya asubuhi." Hakuweza kumwambia, thoni haingemruhusu. Lakini kwenye mashine hapakuwa na uso wala benchi. Jumamosi iliyofuata mama akaandika kwamba mtoto ana afya na ameanza kuhesabu kuku. Kijana akauliza kama mtoto bado anakohoa. Na kozi ilikuwa inaendelea vizuri, alama zao zilikuwa za juu, kwa sababu ili kufika kwenye hayo maneno ya mwisho ilibidi kwanza wafanye maswali yote ya juu.

Kumaliza somo, Marigu alikuwa na desturi yake. Alibonyeza kitufe alichoonyeshwa na Bwana Mwiti, maandishi yakaondoka kwenye kioo, halafu akachukua leso yake nyeupe akakipangusa kile kioo kabisa, juu mpaka chini. Alikuwa amefanya hivyo kwenye ubao wa darasa miaka yote. Aliniambia mwalimu wa kweli haachi maandishi yake yasomwe na darasa linaloingia baada yake. Alichoondoa kwenye kioo aliamini kimeondoka duniani. Na Njue vilevile, kila mmoja na kioo chake, kila mmoja anapangusa. Bwana Mwiti aliwaona na akafikiri wanatunza mashine.

Ikafika Julai na baridi yake. Mjomba bado na goti. Siku moja Marigu alikuja jikoni macho yakiwa mekundu, akafunga mlango wa nyuma kwanza. Alikuwa amemuuliza kijana waziwazi kwa nini alimkataza Wawira, na kijana alikuwa amejibu: Mama, niliogopa akisoma ataniona mdogo.

"Mwanamume akisema hivyo mbele ya wazee watamcheka mpaka azeeke," Marigu akasema. "Ameniambia mimi."

Nilimuuliza atafanya nini. Akasema sasa hahitaji wazee, anahitaji tu kumjibu vizuri, na jibu atalifikiria wiki nzima. Lakini hilo jibu hakupata nafasi ya kuliandika.

Jumamosi iliyofuata, chakula cha mchana, ilikuwa kamande na wali, nakumbuka kwa sababu nilibaki nao mwingi. Mwalimu Nyaga alikuwa amechelewa kutoka chumba cha mashine, akaja na shavu limejaa muguka, akagonga meza na kijiko. Alisema amewaletea salamu kutoka kwa ndugu zetu wa Meru. Akazisoma kwa kichwa, maana alikuwa amezishika zote: "Sisi walimu wa Meru tunamsalimu mwalimu wa Kianjokoma. Asiogope. Mke akisoma harudi akiwa mkubwa, anarudi amechoka."

Ukumbi ukacheka. Nyaga hakuwa na ubaya, nasema ukweli, alidhani ni jambo ambalo Njue mwenyewe amelitangaza, maana lilikuwa pale, kila mtu alikuwa akilisoma tangu mwezi wa tano, Embu na Meru, na waliona ni ustaarabu kutolitaja mbele ya Marigu. Nilitazama kupitia kidirisha. Njue aliweka kijiko chini taratibu, akapanga sahani yake juu ya ile ya jirani kama mtu anayesaidia kuondoa vyombo, akatoka. Hakurudi. Nyuma yangu kwenye kigoda Marigu alikuwa ameacha kutafuna.

"Chumba chetu kina watu?" akaniuliza.

Bwana Mwiti aliitwa, akasimama jikoni na mikono yake myembamba. Alieleza kwamba vile vyumba havina milango, mtu yeyote wa kozi anaweza kuchungulia, na yeye hakusema kwa sababu aliona hakuna cha kuficha kwenye robo na nusu. Kile kitufe huondoa maneno kwenye kioo tu. Maneno yenyewe yako Nairobi. Akasema anaweza kuomba yafutwe, lakini kufuta kunahitaji barua na wiki kadhaa, na wafadhili wangekuja kuangalia. Alikuwa karibu kulia. Marigu alimwambia aende akale.

Jumamosi iliyofuata viatu vya Njue havikuonekana. Na iliyofuata. Likizo ya Agosti ikaanza, walimu wakawa wanakuja kila siku, mashine ya mlangoni ikakaa tupu na hakuna aliyeikalia, hata Nyaga, ambaye alikuwa ameacha masihara kabisa na kuanza kuniletea kuni bila kuombwa. Cheti cha Marigu kilikuwa kinapotea, lakini hakukitaja hata mara moja. Alichotaja ni chuo. Wawira alikuwa ameshashona sare. Alikuwa ameiweka kitandani, hamwambii mtu ataondoka au hataondoka, anaitazama tu.

Siku moja Marigu akavaa miwani yake, akaniuliza, "Mama Ndwiga, una wimbi?"

Nikasema ninao.

"Loweka mwingi. Chachusha."

Akaingia kwenye mashine yake, na safari hii akaandika mahali ambapo alijua wote wataona. Nyaga ndiye aliyetusomea baadaye. Aliandika kwamba walimu wa Meru na wa Embu wameingia nyumbani kwa watu bila kubisha, na mtu aliyeingia hivyo hawezi kutoka hivi hivi. Jumamosi asubuhi waketi, wao huko na sisi hapa, wanywe uji, mambo yasemwe yaishe. Kwamba wazee waliongojwa wana magoti, na wao wana magoti mazima. Jibu la Meru lilikuja siku hiyo hiyo jioni. Aliliandika mwalimu mmoja mzee wa Igoji, Mutwiri, ndiye aliyetuma zile salamu, na sasa lugha yake ilikuwa imevaa koti. Alisema wamesikia, wameona aibu, na mpishi wao ameshatafuta wimbi.

Mimi nikatumwa Kianjokoma. Kule juu ni baridi, ukungu umekaa kwenye majani ya chai, na mimi mtu wa jua nilitetemeka mpaka meno. Nilimpata Njue nyumbani, nyumba safi ya mbao, kikombe kimoja mezani, na chapati nzima imefunikwa kwa sahani. Alikuwa amepika chapati moja. Nilimwambia nimetumwa na nani, na kwamba ameitwa.

"Watanicheka," akasema.

"Wameshacheka. Kicheko kimeisha. Sasa wanangoja uji."

Aliangalia upande wa kuni muda mrefu. Akaniuliza kama mama amekasirika. Nikamwambia mtu aliyekasirika halowekeshi wimbi. Halafu nikala nusu ya ile chapati, kwa kuwa sikuwa nimekula tangu asubuhi, na sikuona atakayeimaliza.

Jumamosi hiyo nilipika uji tangu alfajiri, ule mweusi mzito wenye kukwaruza koo. Bwana Mwiti aliogopa mtu asije akainua simu ya ofisi, maana ukiinua tu ile simu mashine zinakatika, kwa hivyo akaifunika na sufuria yangu kubwa na kuweka kiti juu yake. Viatu vilipangwa. Vya kahawia vilikuwa vya kwanza. Kisha nikamsikia mtu kwenye mlango wa jiko, na sauti ikasema ile ile, Mama Ndwiga, mwambie nimefika. Nikaingia nikamwambia. Marigu akageuka dirishani, na nikaona mabega yake yameshuka.

Nimehudhuria vikao vingi vya ukwe na hakuna kilichokuwa na adabu kama kile. Mutwiri alifungua kwa maombi, yameandikwa, na watu wa chumba chetu wakainamisha vichwa mbele ya kompyuta mpaka Nyaga aliposoma amina. Mtu wa Meru anaandika, mashine inalia, tunangoja, maneno yanakuja, Nyaga anayasoma kwa sauti. Wakati wa kungoja watu wanakunywa uji. Hakuna aliyeweza kumkatiza mwenzake, waya haukuruhusu. Wameru walimuuliza Njue kama alimpiga mkewe. Hapana. Kama kuna mwanamke mwingine. Hapana. Wakamuuliza Marigu kama binti bado anamtaka huyu mtu, na Marigu akagonga kwamba sare iko kitandani na mtu asiyemtaka mumewe angeshaivaa akaondoka. Mwalimu mmoja mama wa Meru, Karimi, akaandika kwamba yeye anakaa karibu na chuo, ana chumba, dada yao akae kwake, na mtoto akae na bibi yake. Halafu Mutwiri akauliza swali lenyewe. Tukamsikia Njue mlangoni, to, to, to. Nyaga akasoma: Nakubali aende. Nitampeleka mwenyewe.

Watu wakafikiri imeisha. Lakini Marigu, bila kugeuka, akaandika tena, maneno mawili tu, na Nyaga akayasoma kwa sauti ya chini: Na akirudi?

Njue hakungoja mashine. Hilo ndilo watu wa Embu walisimulia miaka mingi baadaye. Alisema kwa mdomo wake, akiwa ametazama mlango, na yule mama akiwa ametazama dirisha.

"Nitakuwa hapo."

Ndiyo maneno pekee niliyowahi kusikia akimwambia kwa sauti. Nikazunguka na birika.

Bwana Mwiti, watu walipokuwa wanavaa viatu, alimwambia Marigu kwamba ameandika ile barua ya kuomba maneno yote yafutwe, aweke tu sahihi. Marigu akaisoma kama anavyosoma kazi ya mwanafunzi, akamrudishia.

"Kama hayafutiki, basi yakae," akasema. "Hawa watoto wakija kubishana tena tutawaonyesha."

Wafadhili walikuja baadaye, wazungu wawili na mtu wa Nairobi, wakafurahi kupita kiasi. Waliambiwa na hesabu ya mashine kwamba hakuna walimu popote walioandikiana kama wa Embu na Meru kuhusu kufundisha sehemu. Bwana Mwiti alitazama sakafu. Nyaga alitaka kuwatafsiria kidogo nikamkanyaga mguu. Vyeti vilitoka vyote, na Wawira alikuwa ameshaenda chuo, sanduku lake kichwani mwa Njue.

Jioni ya kile kikao, lakini, kuna jambo la mwisho. Marigu alibaki kunisaidia kuosha vikombe, kitu ambacho mwalimu hafanyi. Akiwa na mikono kwenye maji aliniuliza, "Na wewe, Mama Ndwiga, nani anakuja kukuuliza?"

Nikamwambia hakuna. Nikamwambia habari ya kufagia Jumapili.

Hakunihurumia, na namshukuru kwa hilo. Alipangusa kikombe, akakiweka chini. "Basi mimi nakuuliza," akasema. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Yote, mpaka maji yakapoa. Hakukuwa na la kutengeneza, na hakujaribu kutengeneza. Jumapili iliyofuata nililala mpaka jua likapanda, na mlango haukufagiwa. Mwaka uliofuata nikafungua hoteli yangu ndogo nyuma ya soko, na watoto wangu walisomeshwa na hiyo hoteli.

Sasa turudi Alhamisi. Walipanga hema uwanjani, jeneza chini yake, na kwenye jeneza kile kioo kidogo cha kumwonea marehemu uso. Watu walipita mstari. Wawira, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na ana nywele nyeupe pembeni, alisimama kichwani mwa jeneza. Mimi nilikuwa nyuma na masufuria. Ndipo nikaona Njue amesimama kando ya kuni, kofia mkononi, amezeeka vizuri. Hakuwa kwenye mstari. Mkwe hawezi kutazama uso huo hata ukiwa umefumba macho. Aliniambia kwamba miaka hii yote hawakuwahi kukaa meza moja, lakini simu za mkononi zilipokuja waliandikiana. Mama alipougua, yeye alikuja kumkatia kuni, akakaa nje ya dirisha akimwandikia, na mama akimjibu akiwa kitandani, ukuta katikati. Mambo ya ng'ombe, mambo ya dawa, mambo ya wajukuu. Sasa ile simu iko kwa Wawira, imezimwa.

Halafu akageuza uso, akatazama kuni.

"Mama Ndwiga," akasema, "mwambie nimefika."

Nilifuta mikono kwa kanga. Nikapita mbele ya watu, na walinipisha wakidhani nimeitwa. Kile kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole, watu wote waliopita walikuwa wamekigusa, na yeye hakupenda kioo kichafu. Nikatoa leso, nikakipangusa, juu mpaka chini. Halafu nikainama, nikamwambia.